Anayekushikia Pedi

Hogu hufungwa mgongoni. Ni ile kinga nene ya kifua wanayoivaa wachezaji wa taekwondo, buluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na kamba zake hupita mabegani, zikapishana mgongoni, kisha zikakazwa nyuma ya kiuno, mahali ambapo mikono ya aliyeivaa haifiki sawasawa. Sharti mtu akufungie. Katika klabu yetu, ambayo hufanyia mazoezi katika ukumbi mmoja wa kijamii huku Eastlands, Nairobi, hakuna pambano linaloanza kabla hujamgeuzia mwenzako mgongo na kumwambia, "Nifungie." Na mara nyingi anayekufungia ndiye huyo huyo ambaye baada ya dakika chache atakuwa akiutafuta uso wako kwa mguu.

Watu wengi wakisikia taekwondo huona filamu: mtu anaruka, anazunguka hewani, mbao zinapasuka, maadui wanatawanyika. Nilipojiunga, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, nami nilikuwa na picha hiyo hiyo kichwani. Nilichokikuta ni kwamba karibu nusu ya jioni mtu huitumia akimshikia mwenzake pedi, akimsimamia apige, akimhesabia, akimfunga na kumfungua. Nimekaa katika mchezo huu muda wa kutosha sasa kusema bila kusita kwamba hapo ndipo klabu hujengeka au hubomoka. Mwalimu hodari ni neema, ukumbi mzuri ni neema, vifaa vya kisasa tunavililia kila siku. Lakini klabu isiyo na watu wanaojua kushika pedi haitoi mchezaji, hata ikiwa na hayo yote.

Ukumbi wenyewe tunaugawana na mtaa mzima. Jumapili asubuhi ni kanisa. Jumamosi huenda kukawa na harusi, mchango wa hospitali au mkutano wa chama cha kina mama. Siku za wiki, jua likianza kutua, zamu huwa yetu, na kazi ya kwanza ni ufagio. Viti vya plastiki hupangwa ukutani, mchanga na maganda ya karanga hufagiliwa, kisha mikeka ya povu hutandikwa kipande kwa kipande juu ya saruji. Mchanga ukibaki, ngozi ya nyayo hukwaruzika kila unapogeuka, na katika taekwondo hakuna dakika inayopita bila kugeuka. Ukumbi ukikodishwa ghafla tunahamia kwenye ukoka ulio nyuma ya jengo. Siku hizo tunafanya mateke ya kwenda mbele tu, kwa kuwa nyasi hushika unyayo usizunguke.

Mtu akifika mlangoni huvua viatu na kuinama. Tukishakusanyika, kiongozi wa mstari hupaaza sauti: charyoti, kyongne! Mistari hunyooka na vichwa huinama, kwa bendera kwanza, kisha kwa mwalimu. Kinachopanga mistari hiyo ni mkanda, umri hauulizwi. Mweupe nyuma, kisha wa manjano, wa kijani, wa buluu, mwekundu, na mbele kabisa mweusi. Kwa hiyo mhasibu mwenye mke na watoto, aliyeanza juzi, husimama nyuma ya mtoto wa shule ya msingi mwenye mkanda mwekundu, na mtoto huyo ndiye anayemwelekeza. Mimi nilikabidhiwa kwa msichana mdogo ambaye kimo chake hakikufika begani mwangu. Alinifunga mkanda upya mpaka ncha zake mbili zikalingana, akaniambia, "Dada, kisigino ndicho kinachopiga," akarudi mahali pake.

Alikuwa akisema juu ya dolyo chagi, teke ambalo kila mtu hufundishwa mapema na ambalo hata mabingwa wa dunia hulitegemea. Kwa mbali ni mguu unaozungushwa kutoka ubavuni. Kwa karibu ni mambo kadhaa yanayofuatana kwa kasi sana. Goti hupanda kwanza, limekunjwa, likielekea mbele moja kwa moja. Mguu uliosimama huzunguka juu ya vidole vyake mpaka kisigino kimtazame mpinzani. Nyonga hupinduka. Mwisho kabisa muundi hufunguka, mgongo wa wayo ukagonga, kisha mguu hukunjwa tena na kurudi ulikotoka. Kisigino alichokitaja yule mtoto ni cha mguu uliosimama. Kisipogeuka, nyonga haina pa kwenda, na nguvu iliyokuwa imwendee mpinzani hubaki ndani ya goti lako mwenyewe. Magoti mengi yanayofungwa bandeji klabuni kwetu yaliumizwa hivyo.

Sasa mtazame aliye upande wa pili. Pedi ya taekwondo ni bapa mbili nyembamba za ngozi bandia zilizoungana kwenye mpini mmoja. Zikipigwa sawasawa hugongana na kutoa mlio mkali: pa! Mlio huo humfundisha anayeanza kuliko maelezo marefu. Teke likija kwa pembe mbaya husikika mkwaruzo. Likija limechoka, husikika kishindo kizito kisicho na uhai. Lakini hata mlio hutegemea mkono ulioshika. Pedi ikiwa juu mno, anayepiga atalaza mgongo nyuma kuifuata. Ikiwa karibu mno, goti halipati nafasi ya kufunguka. Ukiiondoa ghafla mguu ukiwa njiani, goti la mwenzako litanyooka mpaka mwisho bila kitu cha kulipokea, na hapo mtu anaweza kukaa nje ya mazoezi miezi. Ukiisukuma kuufuata mguu, unamdanganya: ataamini ana nguvu asizo nazo, na ukweli atakuja kuambiwa ulingoni na mtu asiyemwonea huruma.

Aliyenishikia pedi kwa muda mrefu zaidi ni kondakta wa matatu, kijana mrefu asiye na maneno mengi, ambaye alikuwa akifika na sare yake ya rangi ya damu ya mzee, akaivua na kuitundika kwenye msumari karibu na dirisha. Alikuwa na mtindo wa kuhamisha pedi kidogo, upana wa kiganja tu, baada ya kila teke. Ukipiga palepale ulipopiga mwanzo, unapiga hewa. Ikabidi nijifunze kutazama kwanza. Zamu ilipogeuka nikawa namshikia yeye, nikaanza kuona mambo ambayo kwa kupiga peke yake nisingeyaona kamwe. Bega la kushoto lilishuka kidogo kabla ya teke la kulia. Uzito ulihamia mguu wa mbele. Kidevu kiliingia ndani. Mwili hulitangaza teke kabla mguu haujaondoka sakafuni, lakini tangazo hilo anayepiga halisikii. Anayelisikia ni aliyeshika, jioni nzima, tena na tena. Nilipoingia kwenye mapambano, wengi walinizidi kasi na nguvu, ila nilijua teke linavyozaliwa, na hilo limeniokoa kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza pale.

Ndiyo maana huwa nasikitika nikimwona mwanafunzi mpya akishika pedi huku akitazama simu iliyo kwenye kiti, au akihesabu dakika zamu yake ya kupiga ifike. Anadhani anasubiri darasa lianze, na darasa liko mbele yake.

Kutegemeana huku kuna sababu nyingine iliyo wazi zaidi: vitu havitoshi. Doboki, yale mavazi meupe, hupita kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Ndani ya ukosi wa yangu kulikuwa na majina kadhaa yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino na kukatwa, kila mwenyewe akiwa amemwachia mwingine. Hogu zipo chache, na helmeti za povu hupita kichwa hadi kichwa zikiwa bado na unyevu wa jasho la aliyetangulia. Kinga ya meno pekee ndiyo isiyoazimwa. Ada ya mwezi ni ndogo, na asiyeiweza hulipa kwa mkono: anafundisha watoto Jumamosi asubuhi, anafua hogu, anafika mapema kufagia. Mwalimu wetu hana mshahara wa klabu. Mchana ana kazi yake nyingine, jioni anakuja. Nimekutana na watu wa klabu nyingine za Nairobi na hadithi yao ni hiyo hiyo, jina la mtaa tu ndilo linalobadilika.

Mchezo wenyewe ni mchanga kuliko wengi wanavyodhani. Jina taekwondo lilipendekezwa Korea Kusini mwaka 1955, wakati shule mbalimbali za mapigano zilizochipuka huko baada ya utawala wa Japani zilipokuwa zikitafuta njia ya kuungana. Makao yake makuu ya kiufundi, Kukkiwon, yalifunguliwa Seoul mwaka 1972, na mwaka uliofuata likaundwa shirikisho la dunia ambalo leo linaitwa World Taekwondo. Ukaonyeshwa kwenye Olimpiki za Seoul 1988 na Barcelona 1992, kisha ukawa mchezo kamili wa medali Sydney mwaka 2000. Cheti cha mkanda mweusi anachokipigania mtoto wa Eastlands hutolewa na Kukkiwon hiyo hiyo.

Kabla ya kufika huko anapitia pumse nane za Taegeuk, mifululizo ya hatua, vizuizi, ngumi na mateke dhidi ya wapinzani wa kuwaziwa. Ya kwanza ni ya mbingu. Zinafuata ziwa, moto, radi, upepo, maji, mlima na ardhi. Vijana wengi huziona kuwa adhabu kabla ya raha ya mapambano. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwenye pumse huna anayekushikia kitu, hakuna pedi ya kukupa mlio, na ndipo unapogundua kama ulichojifunza kimeingia mwilini au kilikuwa kinaegemea kwa mwenzako. Tena tunazifanya kwa pamoja, mstari mzima, bila hesabu ya mwalimu, kila mmoja akisikiliza pumzi ya jirani yake ili miguu itue kwa wakati mmoja. Jioni mistari yote inapotua pamoja sakafu hutoa mlio mmoja tu, na wapita njia husimama madirishani kutazama.

Kuna pia ukelele, kihapi, unaotolewa teke linapofika. Una kazi yake: hutoa pumzi, hukaza misuli ya tumbo, na humwambia mwamuzi kwamba pigo lilikusudiwa. Kwa wasichana una kazi nyingine. Wazazi wengi wa mtaani kwetu huleta mabinti zao wakitaka wajue kujilinda. Ni haki yao, na sipendi kuwapa matumaini ya uongo. Teke la ulingoni, lenye kanuni na mwamuzi, halimfanyi msichana awe salama katika kila kichochoro. Anachokipata kwa hakika ni sauti, na mazoea ya kurudi hatua moja nyuma haraka mtu anapomkaribia kupita kiasi. Mwalimu wetu ana zoezi moja la hilo. Msichana husimama mwisho mmoja wa ukumbi, mwenzake mwisho wa pili ameshika pedi chini, na pedi hiyo haiinuki mpaka sauti ifike. Nimemwona binti mmoja, aliyelelewa katika nyumba ambayo watoto wa kike hawapaazi sauti, akisimama pale muda mrefu sana, kinywa kikifunguka bila kitu kutoka. Mwenzake alimsubiri. Hakumcheka, hakumharakisha, hakuinua pedi kwa kumhurumia. Hatimaye sauti ilitoka, ikagonga bati za paa, pedi ikapanda. Binti huyo leo ndiye anayetoa amri za mstari.

Siku ya mtihani wa mkanda huwa na meza mbele, wakufunzi wa kutoka nje, wazazi kwenye vile viti vya plastiki, na hofu ya kutosha. Pumse, mateke, pambano, maswali, kisha mbao. Zetu hukatwa na seremala wa jirani, za mti wa saiprasi, laini, zisizo na fundo, na hupigwa kwa kufuata nyuzi za mti. Watu hupiga picha mguu unaopita. Mimi siku hizi natazama washikaji. Wanakuwa wawili, kila mmoja ametanguliza mguu, viwiko vimenyooka na kukazwa, uso umegeuzwa pembeni ili kibanzi kisiingie jichoni. Mikono yao ikilegea hata kidogo, ubao utarudi nyuma pamoja na teke, hautavunjika, na maumivu yote yatabaki kwenye mguu wa mtahiniwa. Nimeona wanafunzi wazuri wakirudia mara kadhaa na kutoka wakichechemea, huku wenye makosa wakiwa wale waliouogopa mguu unaokuja. Kumsimamia mtu anayekurushia teke kwa nguvu zake zote, usitikisike, ni ujasiri ambao katika vyeti vyetu hauna alama, na naona ungestahili kuwa nayo.

Mapambano yana hesabu yake. Ngumi ya kifuani ni pointi 1, teke la kifuani 2, la kichwani 3. Teke likipigwa kwa kuzunguka, la kifuani huwa 4 na la kichwani 5. Mwenye kuvunja kanuni humzawadia mpinzani wake pointi. Raundi ni za dakika 2, na tangu mwaka 2022 anayechukua raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba mtu anaweza kuwa nyuma mpaka pumzi ya mwisho na bado asiwe ameshindwa. Hakuna klabu Afrika ambayo haijasimulia fainali ya Rio 2016 ya uzani wa kilo 80. Cheick Sallah Cissé wa Kodivaa alikuwa nyuma 6 kwa 4 dhidi ya Muingereza Lutalo Muhammad, saa ikiwa imebakiza sekunde isiyotimia, alipozunguka na kuachia teke lililompata mwenzake kichwani. Kwa hesabu ya kanuni za wakati ule matokeo yakawa 8 kwa 6, na nchi yake ikapata dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika historia yake. Miaka 4 kabla ya hapo Anthony Obame alikuwa ameipa Gabon medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, fedha, katika mchezo huu huu. Paris 2024, Firas Katoussi wa Tunisia alichukua dhahabu katika uzani ule ule wa Cissé. Kwa nchi za Afrika zisizo na mabwawa ya kuogelea wala viwanja vya baiskeli, huu umekuwa mlango wa kweli.

Sisi Wakenya tumeugonga mara chache. Beijing 2008 waliingia Dickson Wamwiri na Mildred Alango. Kisha kukawa na ukimya mrefu hadi Februari 2020, Rabat, Morocco, ambako Faith Ogallo, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, alifuzu kwa Olimpiki ya Tokyo katika uzani wa zaidi ya kilo 67. Huko Tokyo alipangwa na Milica Mandić wa Serbia, ambaye mwishowe ndiye aliyeondoka na dhahabu. Paris 2024 hatukuwa na mchezaji hata mmoja wa taekwondo. Jina la Ogallo hutajwa sana klabuni kwetu, na sababu ni kwamba alikuwa mwanafunzi mwenye mitihani ya muhula, kama wengi wetu. Lakini mtu mmoja tu tangu Beijing ni idadi ya kutia uchungu kwa nchi ambayo jioni moja tu, katika kumbi za mji mmoja, ina watoto wengi kiasi hiki wanaohesabu kwa Kikorea.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, kinaonekana wazi siku ya mashindano. Tangu London 2012 pointi za mateke ya kifuani kwenye Olimpiki hutolewa na mashine, na Rio 2016 zikaongezwa helmeti. Ndani ya hogu mna vihisi. Mchezaji huvaa soksi maalumu zenye sumaku. Soksi ikigusa panapostahili, kwa nguvu iliyowekwa kulingana na uzani wa mchezaji, ubao wa matokeo unaandika. Isipotimia hivyo, ubao unanyamaza, hata kama ukumbi wote umesikia kishindo. Mambo haya yameubadilisha mchezo. Siku hizi utaona wachezaji wakiinua mguu wa mbele na kuusukuma, wakiutafutia nafasi kifuani kwa mpinzani bila kuushusha, kwa sababu mguso sahihi una thamani kuliko mlio mkubwa.

Sisi tumelelewa na mlio. Nilikuwa kando ya ulingo mwenzetu mmoja alipovaa soksi hizo kwa mara ya kwanza maishani mwake, asubuhi ya pambano lake. Mimi ndiye niliyemfungia hogu, nikaona jinsi alivyokuwa akizikanyagakanyaga, akijaribu kuzizoea. Alianza vizuri. Teke lake la kwanza lilisikika mpaka mlangoni, mashabiki wakainuka, akatazama ubao: sufuri. La pili, sufuri. Akaongeza nguvu, na kila alipoongeza nguvu ndivyo wayo ulivyofika vibaya. Mpinzani wake, msichana wa timu inayomiliki vifaa vyake na kuvitumia kila siku, aliinua mguu wa mbele, akagusa kwa upole, pointi 2. Akagusa tena. Mpaka raundi ya pili inaisha, mwenzetu alikuwa amepiga mateke mengi zaidi na kushindwa zote mbili. Waamuzi walifanya kazi yao ipasavyo na yule msichana alistahili ushindi. Lakini kilichopimwa siku ile kilikuwa nani amewahi kuvaa soksi. Timu za polisi, magereza na jeshi zina wachezaji wanaolipwa mshahara na kufanya mazoezi mchana, na ni vyema ziwe nazo. Klabu za mtaani ndizo zinazowapata watoto wakiwa na miaka saba au minane, wakati nyonga bado ni laini. Mtoto huyo akifikisha miaka kumi na saba bila kuigusa mashine, tumemchelewesha sisi wakubwa.

Huwa naambiwa kwamba umaskini wa vifaa ndio hatima ya mchezo huu kwetu. Jibu langu ni Parfait Hakizimana. Ni Mrundi, alipigwa risasi mkononi akiwa mtoto katika shambulio ambalo mama yake aliuawa, na mwaka 2015 alikimbilia Rwanda. Katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, mashariki mwa nchi hiyo, alianza kuwafundisha watoto taekwondo, na kutoka humo kambini akafika kwenye Michezo ya Walemavu ya Tokyo, ya kwanza kuujumuisha mchezo huu, akiwa katika timu ya wakimbizi. Paris 2024, medali ya kwanza kabisa ya timu hiyo ya wakimbizi ilitoka pia kwenye taekwondo, shaba ya Zakia Khudadadi. Mahama ilikuwa na mwalimu, watoto, na mahali pa kusimama. Ikiwa hayo yanaweza kumfikisha mtu Tokyo, basi kaunti zetu, zenye kumbi zilizojengwa tangu enzi za wakoloni na zinazofungwa kwa kufuli nusu ya wiki, zina deni kwa watoto wanaofanyia mazoezi nyuma ya jengo. Zitupangie saa maalumu zisizopokonywa kila inapotokea harusi. Hilo halihitaji bajeti kubwa, linahitaji ratiba ubaoni na mtu wa kuiheshimu.

La mashine tumeamua kutoisubiri serikali. Klabu kadhaa za Eastlands zimeungana kama chama, kila mwanachama akichanga kidogo kila mwezi, kununua seti moja ya hogu za vihisi itakayozunguka kutoka ukumbi hadi ukumbi. Kuhusu mahali pa kuitunza tumekwisha kukubaliana: itakuwa kwa mwalimu wa klabu yenye chumba cha kufuli. Kilichobaki ni soksi. Hogu inaweza kukazwa ikamfaa huyu na yule, lakini soksi zina saizi, na fedha zilizopo hazitoshi saizi zote. Baadhi ya wazee wa chama wanataka tuanze na za watu wazima, kwa kuwa hao ndio wanaokwenda kwenye mashindano ya taifa. Mimi na yule kondakta tumesimama na saizi za watoto, na yule msichana aliyenifunga mkanda, ambaye sasa ana mkanda mweusi na wayo unaotoshea soksi za watoto hao, tumemwomba aje kwenye kikao cha mwisho wa mwezi aseme mwenyewe.